Kurasa Nilizotia Sahihi Bila Kusoma

Alexandria, Jumamosi alasiri

Simiyu mwanangu,

Umetoka kwenda kunyolewa na kuwaaga wenzako wa kwaya kule Columbia Heights, na najua hutarudi kabla ya jioni. Nimezima redio, nimekaa kwenye meza ya jikoni katikati ya masanduku yako. Habari za sweta, dawa ya mafua na kupiga simu kila Jumapili sitakuandikia. Hizo nimekupigia kelele mwezi mzima, na wewe umekuwa ukinijibu "I know, Mom" hata kabla sijamaliza sentensi. Haya ya leo huyajui, na ni kosa langu kwamba huyajui.

Kesho saa tatu asubuhi tunapaswa kuondoka. Kabla ya kufika chuoni kwako tunapaswa kupitia kwa Anti Sabina, ambaye amekuwekea chumba nyumbani kwake na kukuahidi kazi ndani ya maabara yake hapohapo chuoni. Ni mama yako wa ubatizo, unampenda, na una sababu. Barua ya chuo ilipofika ulimpigia simu yeye kwanza, ndipo ukaja kuniambia mimi. Nilicheka, nikakukumbatia, kisha nikaingia bafuni nikafungulia maji ili usinisikie.

Mtu huyo alinisaliti. Nalisema neno hilo moja kwa moja kwa sababu nimelizungusha miaka sita hadi nimechoka. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukaniuliza kwa nini Anti Sabina amehamia jimbo lingine bila sherehe ya kumuaga, nikakuambia amepata kazi nzuri. Hilo lilikuwa kweli. Alipata kazi nzuri kwa kazi yangu.

Unajua tulivyoanza. Tulisoma pamoja udaktari wa mifugo Kabete, chumba kimoja, sufuria moja, koti moja la baridi ambalo aliyekuwa na mtihani asubuhi ndiye aliyelivaa. Ulipozaliwa, aliyekupokea kutoka kwa mkunga ni yeye. Baba yako alipofariki, mtu aliyenishika kiunoni pale kaburini nisianguke ni yeye. Nilipokuja huku ng'ambo, Maryland, kusoma, na baadaye nikapata kazi kwenye maabara ya kupe, jina la kwanza nililompa bosi alipotafuta mtu wa pili lilikuwa la Sabina. Niliandika barua ya kumsifu, kurasa mbili nzima, na kila neno niliamini.

Kanisani walikuwa wakitucheka. Akina mama wote pale ni manesi au wanatunza wazee, kwa hiyo mgeni akija ananiuliza, "Na wewe uko hospitali gani?" Nikimjibu kwamba nafanya na kupe, anashika mdomo. "Dada, umeacha kupe Kitale ukapanda ndege kuja kutafuta kupe?" Ndiyo, nilikuwa nikiwatafuta, na kwa furaha. Wewe umenikuta mara nyingi hapo mlangoni nikivua soksi nyeupe na kujikagua nyuma ya magoti. Mimi na Sabina tulikuwa tukienda msituni karibu na Upper Marlboro, kila mtu na kitambaa chake cheupe kilichofungwa kwenye fimbo, tunakiburuta polepole juu ya nyasi na majani makavu. Kila baada ya hatua chache unageuza kitambaa na kuwaokota kupe kwa kibano, wengine wadogo kama mbegu ya mtama. Tuliimba, tukasengenya watu, na mara moja askari wa mbuga alitusimamisha kutuuliza tumepoteza nini.

Swali langu lilikuwa moja, na nilikaa nalo miaka mitatu. Tulikuwa na kirusi kinachokaa ndani ya kupe na kikimwingia mtu kinaweza kupanda hadi kwenye ubongo. Wengi walidhani kupe hukipata kwa kunyonya damu ya mnyama mgonjwa. Mimi nilishuku jambo jingine. Nilishuku kwamba kupe mwenye kirusi na kupe mzima wakinyonya bega kwa bega kwenye ngozi ya panya mmoja, kirusi huvuka kutoka kwa huyu hadi kwa yule hata kama damu ya panya mwenyewe ni safi. Lilikuwa limeshaonekana kwa virusi vingine, lakini kwa hiki chetu hakuna aliyekuwa amelionyesha. Mwezi wa tatu mwaka ule nililiona. Nilirudia jaribio, nikaliona tena. Nilimwita Sabina, tukashikana mikono tukaruka kama watoto ndani ya kile chumba, na makoti yetu ya plastiki yakipiga kelele.

Sasa nikueleze desturi ya daftari, maana hapo ndipo nilipokatwa. Kwenye maabara ya huku kila unachofanya unakiandika kwenye daftari lenye kurasa zenye namba, kwa wino. Chini ya kila ukurasa mtu wa pili anatia sahihi na tarehe, kushuhudia kwamba ameusoma na ameuelewa. Tangu zile barua zenye unga wa kimeta zilipowatia watu hofu mjini, sheria hiyo ilikazwa zaidi. Wazungu walikuwa wakisomana kweli, neno kwa neno, hata wanabishana. Mimi na Sabina tulikuwa na Ijumaa yetu. Saa tisa tulitengeneza chai kwenye chumba cha mapumziko, tukabadilishana madaftari, tukasaini yote kwa mfululizo huku tukipiga soga. Wiki za mwanzo nilijaribu kusoma. Akaninyang'anya kalamu akicheka.

"Sasa unanisoma kama Biblia? Ni mimi, Nekesa. Sign tu, chai inapoa."

Na mimi nikaona haya. Kwa kule tulikotoka, dada yako akikupa sahani huanzi kukinusa chakula. Kumsoma kulionekana kama kumshuku, kwa hiyo nikawa nasaini bila kusoma, naye akawa anasaini yangu vivyo hivyo. Alikuwa pia na tabia ya kuruka kurasa na kuziacha tupu, eti atazijaza akipata nafasi. Nililijua hilo na nilinyamaza.

Wiki chache baada ya matokeo yale, babu yako alifariki. Nilikwenda Kitale kumzika, nikakaa wiki tatu, na wewe nikakuacha kwa Anti Sabina. Najua zile wiki tatu kwako ni miongoni mwa siku tamu kabisa. Alikupikia chapati asubuhi kabla ya basi la shule, alikufundisha sehemu za hesabu zilizokuwa zikikuliza, alikuruhusu kulala na taa ikiwaka. Siwezi kukunyang'anya hizo siku, na wala sitaki. Ninachokuambia ni kwamba mchana, wewe ukiwa shuleni, alikuwa akijaza kurasa zake tupu za mwezi wa pili kwa jaribio langu la mwezi wa tatu.

Nilirudi Jumatano, macho yamevimba. Ijumaa akanitengenezea chai na kunisogezea daftari.

"Hizi zilibaki za kitambo. Weka tarehe za huo wakati, si unajua venye wanapenda kuuliza maswali."

Nikaweka, mwezi wa pili, siku ya ngapi sijui, ukurasa baada ya ukurasa. Nilikuwa nikimsimulia jinsi mvua ilivyonyesha kwenye mazishi. Alinishika bega nilipoanza kulia, akanipa karatasi ya kufutia machozi, na mkono wangu mwingine ukaendelea kusaini.

Kabla ya kiangazi kuisha makala ilitoka. Jina la Sabina lilikuwa la kwanza. Langu lilikuwa mwishoni kabisa, kwenye mstari wa shukrani, pamoja na la mtu aliyetengeneza friza. Nilimfuata kwenye maegesho ya magari.

"Sabina, hii kazi ni yangu."

"Ni yetu. Wewe ulikuwa umeenda, boss alikuwa anataka kitu haraka."

"Wewe hukufanya hata jaribio moja."

"Nekesa, usiniletee drama hapa kwa parking." Alifungua mlango wa gari, kisha akanitazama, na sauti yake ikawa laini kabisa. "Na si ulisign? Hizo kurasa zote, si ni wewe ulisign?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ambaye nalipwa mshahara wa kujikagua nguo ndiye niliyechelewa kuliko watu wote kujua. Niliumia, Simiyu. Mgeni akikuibia unapoteza kitu, basi. Yeye aliniibia hadi koti letu la Kabete, kwa sababu siwezi kulikumbuka tena bila kujiuliza kama hata wakati ule alikuwa akinipigia hesabu.

Nililalamika, na watu watatu wakateuliwa kusikiliza. Walikuwa na adabu, walinipa maji. Wakafungua daftari la Sabina mbele yangu, wakaniuliza kama ile ni sahihi yangu. Nikasema ndiyo. Wakaniuliza kama niliusoma ule ukurasa kabla ya kutia sahihi, siku ile iliyoandikwa.

Sikiliza vizuri hapa, kwa sababu usaliti wa Sabina unaishia hapa na wangu unaanza.

Ningejibu sikusoma, na kwamba tarehe si ya kweli, ningekuwa nimekiri kughushi kumbukumbu za maabara. Watu hufukuzwa kwa hilo, tena bila kuaga. Maombi yetu ya ukaazi, yangu na yako, yalikuwa yamedhaminiwa na mwajiri huyohuyo. Ulikuwa darasa la sita, umeshasahau njia ya kwenda kwa bibi yako. Nikawaangalia wale watu watatu, nikasema, "Ndiyo, nilisoma."

Lakini kulikuwa na mtu mwingine. Unamkumbuka Papa Déo? Mara moja tulimpa lifti, akakufundisha kuhesabu hadi kumi kwa Kifaransa. Alikuwa mwalimu wa biolojia Bukavu kabla ya vita kumtoa, na pale kazini alikuwa mtunzaji wa panya wetu. Kila kizimba kilikuwa na kadi, na kila panya aliyetoka aliandikwa na Papa Déo: katolewa lini, kapewa nani. Siku moja aliningoja karibu na mlango wa lifti ya ghorofani.

"Mama Dokta, mi ndiye natoaka panya. Mwezi wa pili hakuna hata moya nilimupatia ule mama. Kadi ziko pale. Ukisema, na miye nitasema."

Nilimwomba aachane nayo. Hakuachana nayo. Alikwenda mwenyewe mbele ya wale watu watatu na kadi zake ndani ya bahasha, amevaa tai. Aliniponya, mtu yule. Alinipa kila nilichohitaji. Kisha wakaniita tena, wakanionyesha kadi, wakaniuliza nafikiri nini. Nilikuwa nimeshasema nilisoma. Ili nibaki na uongo wangu ilibidi kadi ziwe na makosa. Nikasema kwamba Papa Déo ni mtu mwema, lakini kadi wakati mwingine huzichanganya.

Sentensi moja tu, na niliisema kwa upole. Ndani ya mwezi hakuwa na kazi, kwa sababu mtunza kumbukumbu anayechanganya kumbukumbu hana maana. Siku aliyoondoka alinipa mkono. Hakuuliza kitu. Asante ya punda ni mateke, na punda alikuwa mimi.

Karatasi zetu za ukaazi zilitoka mwaka uliofuata. Ulinunua fulana yenye bendera na tukala keki. Mimi nilibaki kwenye maabara ileile, na niko hapo hadi leo nikihesabu kupe wa watu wengine. Sabina alipanda. Ana maabara yake, ana wanafunzi wake, anaalikwa kuzungumza. Kila Krismasi ananitumia kadi, nami najibu. Nimekuwa nikikuachia simu yake kila siku yako ya kuzaliwa na kujifanya niko jikoni. Ulipojaza fomu za chuo chake sikusema neno. Nilijiambia usinyimwe nafasi kwa ugomvi wa wazee. Ukweli ni kwamba niliogopa ukiniuliza alifanya nini, ungeniuliza na mimi nilifanya nini.

Sikuambii usiamini watu. Nimeijaribu hiyo miaka sita na haisaidii, inakufanya tu uwe mtu wa kula chakula cha mchana peke yako ndani ya gari. Nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu sana. Rafiki akikupa kazi yake uishuhudie, isome, hata akikucheka, hata chai ipoe. Na ukishasema uongo wa kwanza kwa hofu, wa pili hautakupiga wewe. Utampiga mtu aliyekuja kukusaidia, kwa kuwa ndiye aliyesimama karibu.

Mficha uchi hazai, Simiyu, na mimi nimeuficha wa kutosha. Alhamisi nilituma barua kwa wakuu wa maabara. Nimeandika kwamba nilisaini bila kusoma, kwamba tarehe zile ni za uongo na mkono ulioziandika ni wangu, na kwamba kadi za Papa Déo zilikuwa sahihi, kila moja. Huenda nikapoteza kazi, hilo nimeshalilia na nimemaliza. Lakini wataandikia pia chuo cha Sabina. Maabara utakayokwenda kufanyia kazi huenda ikachunguzwa ukiwa ndani yake, na nyumba utakayolala huenda ikawa na huzuni. Ningesema kweli wakati ule, mzigo ungekuwa wangu peke yangu. Nimechelewa mpaka umekufikia wewe, na kwa hilo nakuomba radhi. Ni haki yako kunikasirikia. Usijizuie kwa sababu tu ni kesho unaondoka.

Jana nilimpigia Sabina. Sikutaka wewe uwe wa kumpelekea habari, wala umkute hajui. Nilimwambia kuhusu barua, na kwamba leo ningekuandikia wewe. Nikasikia bomba la maji likifungwa upande wake.

"Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nangoja hii simu." Kisha akasema, "Chumba cha kijana nimeshatandika. Aje tu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nikamwambia utaamua mwenyewe, naye akakata simu. Usiniulize kama nimemsamehe. Bado namkasirikia, na jana, niliposikia sauti yake, kitu cha kwanza nilichotaka ni kumuuliza kama amekula.

Basi kesho nitakuwa nimeshika usukani. Ukisema twende kwake, nitakufikisha hadi mlangoni, nitashuka, na nitamsalimia. Ukisema uende moja kwa moja bwenini, nimeshauliza, kitanda kipo. Ukisema usubiri mwaka, tutashusha masanduku. Lolote utakalosema sitabishana nawe, na wewe unajua hiyo si tabia yangu.

Kuna mtu mmoja zaidi niliyepaswa kumwambia. Leo asubuhi, nilipokuaga kwamba nakwenda sokoni, nilikwenda kwenye hoteli moja hapa hapa Alexandria, dakika kumi kutoka nyumbani. Papa Déo yuko kwenye kibanda cha maegesho, ndiye anayeinua kizuizi magari yapite. Kwa miaka mitatu nimejua yuko pale, na kwa miaka mitatu nimepita njia nyingine.

"Mama Dokta!" akasema, akatoka nje ya kibanda. "Ni siku mingi."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama juani. Nilimwambia nimeandika kwamba kadi zake zilikuwa sahihi. Gari likaja, akaenda akainua kizuizi, akarudi.

"Asante," akasema. Halafu akaangalia viatu vyake. "Wangu wa kwanza alipashwa kuingia université ile mwaka. Kisha kazi ikaisha. Sasa anatumika hapa ndani, anatandika vitanda."

Yeye ndiye aliyenionea huruma, akabadilisha mazungumzo.

"Na ule wako mudogo? Yee anaenda lini?"

"Kesho."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu amusaidie. Umuambie Papa Déo anamusalimia. Umuambie asome."

Nimekufikishia, mwanangu, kama alivyosema.

Mama